Mahali pa Duma Hapatajwi

Niseme au ninyamaze? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi Kakuma, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kichoke, nililigeuza pande zote hadi likazaa maswali mengine. Nikisema, watoto wa duma wataibwa. Nikinyamaza, watararuliwa na mbwa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya kufuatilia paka wa porini, kwa sababu swali hilo litawafikia, na chuoni hatukulisoma.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Lodwar, katika ofisi ndogo yenye feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine. Nilifika mapema mno, nikazunguka mtaa mzima nisije nikaonekana nina kiherehere. Mkuu wa mradi hakupoteza muda.

"Umesomea wanyama?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Vizuri. Hapa kanuni ni moja. Mahali pa duma hapatajwi. Si kwa chifu, si kwa mchumba, si kwa mamako. Umesikia?"

Alikuwa na sababu. Watoto wa duma wanauzwa. Mtu huja na pikipiki na gunia, akawavusha mpakani ili wakafugwe katika nyumba za matajiri, na wengi hufia njiani.

Lodwar ndiko nilikojifunza kutega kamera, kile kisanduku unachokifunga kwenye mti kikapiga picha chenyewe mnyama akipita. Nilijifunza pia kusoma nyayo. Chui huficha kucha anapotembea, na simbamangu pia, yule paka mwekundu mwenye vishungi vyeusi masikioni. Duma kucha zake hubaki nje, ndiyo maana unyayo wake unaweza kuudhania wa mbwa. Nikajifunza na yanayowamaliza. Chui hufa kwa sumu iliyotiwa kwenye mzoga kumkusudia fisi. Paka pori huzaana na paka wa mjini mpaka damu yake inapotea. Swala wakipungua, duma hugeukia mbuzi, na kila mbuzi ana mwenyewe.

Kisha nikahamishiwa Kakuma, nifanye kazi na Ewoi, mfuatilia nyayo wetu, mzaliwa wa huko. Na huko nikamwona! Asubuhi, kando ya laga, yaani mto mkavu, duma jike alitoka kwenye vichaka vya mswaki akasimama juani, na nyuma yake wakajitokeza watoto wenye manyoya meupe mgongoni kama wamemwagiwa majivu. Nikaikandamiza darubini usoni mpaka ikaniumiza pua.

"Madam, pumua," Ewoi alininong'oneza. "Ukizimia hapa, mimi nabeba nani? Wewe ama darubini?"

Nilicheka nikiwa nimejiziba mdomo. Hakuna mshahara unaonunua asubuhi kama ile.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha milimani, laga ikapitisha maji, na nyasi zikachipua kwenye kingo zake. Ewoi akarudi na habari: kambi ya wafugaji imefika karibu, na kesho watapeleka mbuzi kwenye nyasi hizo hizo, pamoja na mbwa. Nikampigia Mkuu.

"Ukimwambia mtu mmoja," alisema, "kesho kuna gunia."

"Na mbwa, Mkuu?"

"Kanuni unaijua."

Nilifikiria kuwadanganya wafugaji kwamba kule kuna kupe wabaya. Lakini nyasi hizo walikuwa wamezisubiri ukame wote. Wangekuja kuujua ukweli, na tangu hapo nani angetuamini tena? Niliendelea kuyarudia maneno ya Mkuu, nikawa nakwama pale pale: mtu mmoja. Siri ya mtu mmoja inauzika. Na je, jambo linalojulikana na kambi nzima?

Kulipokucha nikamwambia Ewoi anipeleke kwenye kikao. Kila asubuhi kabla mifugo haijatoka, wanaume wa kambi hukaa nusu duara mchangani, kila mmoja kwenye kigoda chake, wakaamua kundi gani liende wapi. Linalosemwa pale limesemwa kwa wote.

"Madam, pale wanawake hawakai," Ewoi alinionya.

"Nitasimama."

Aliyeongoza kikao alikuwa mzee Lomuria, ambaye wote walimwita Apa, baba.

"Ejok, Apa," nilisalimu.

"Ejok noi. Mtu ya picha, leo umepotea?"

Walicheka. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Kuna duma amezaa kwenye mswaki, pale laga inapopinda. Mbwa wakifika watawaua watoto wake. Na mtu wa gunia akisikia atawabeba. Ndiyo maana sikumwambia mtu pembeni. Nawaambia wote."

Nikanyoosha mkono kuelekea vichaka.

"Na ikikula mbuzi yangu," mmoja akadakia, "nakuja kukula kwako?"

"Wewe mbuzi yako hata fisi imekataa," Apa Lomuria akamjibu, na kicheko kikazunguka duara. Kisha akatazama nilikoelekeza, kwa muda mrefu. "Mbuzi zipite juu, kwa mawe. Hii mama ikihama na watoto yake, tunashuka kwa nyasi. Mbwa zifungwe. Na hiyo watoto ikipotea, sisi hapa tunajuana."

Hakuna aliyebisha. Mbwa wakafungwa kamba, na kundi la kwanza likapanda upande wa mawe huku vumbi likiwafuata. Nikampigia Mkuu kabla sijaanza kufikiria upya.

"Nimesema, Mkuu."

"Umemwambia nani?"

"Wote."