Julienne na Karatasi Iliyokataliwa Benki

Ladislaus hajawahi kuona mtu anayeheshimu barua kama Julienne. Kabla vita havijamtoa kwao Uvira, Kongo, Julienne alikuwa karani wa parokia, mwenye kabati la vyeti vya ubatizo, ufunguo wake na mhuri wake wa kugonga. Durban, Afrika Kusini, hakuwa na kabati wala mhuri. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mapazia Pinetown, mashine ya nne kutoka dirishani, lakini daftari la mistari na bahasha havikumtoka mkobani. Mwenye nyumba akichelewa kuziba bomba, aliandikiwa barua. Padri akirefusha mahubiri mpaka watoto wakalala, naye aliandikiwa, kwa heshima zote, na mwisho wa barua ukawa "wako katika Kristo". Kopi alibaki nayo.

Ladislaus alikuwa fundi wa cherehani hapo hapo kiwandani. Alikuwa Mtanzania wa Kibondo, mpole, mtu wa maneno machache, na mashine zilimsikiliza kuliko watu. Mashine ya nne haikuwa mbovu kuliko nyingine, ila ilikaguliwa mara nyingi kuliko nyingine zote. Washonaji walishaona, wakawa wanachekea kwenye vitambaa.

"Papa Ladis," Julienne alikuwa akimwambia bila kuinua mguu kwenye pedali, "hii mashine iko muzima."

"Najua, mama. Nahakikisha tu."

Mwanzoni mwa mwaka 2010 gari lililokuwa likileta mishahara kiwandani liliporwa njiani. Mwenye kiwanda akawakusanya watu wote na kutangaza kwamba kuanzia mwezi wa sita hakuna tena bahasha za mshahara, kila mtu atalipwa kupitia benki. Wazulu na Wahindi walirudi kwenye mashine zao bila wasiwasi. Ladislaus naye hakuwa na neno, maana pasi yake ya Tanzania ilikuwa na kibali cha kazi ndani, na akaunti alishafungua. Waliobaki wamesimama wakitazamana walikuwa Wakongo tisa, wenye karatasi za ukimbizi.

Wakati wa mapumziko ya mchana wote tisa walikwenda benki, na Ladislaus akawafuata, ingawa hakuna aliyemwomba. Julienne ndiye aliyetangulia kwenye kaunta. Akaitoa karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua taratibu na kuinyoosha kwa viganja. Ilikuwa karatasi ya kawaida, picha pembeni, mhuri juu ya picha, mikunjo imeanza kuchanika. Kijana wa kaunta aliigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Hii ni karatasi, mama. Sisi tunataka kitambulisho. Kile kitabu cha kijani."

"Kitabu cha kijani ni cha raia," Julienne akamjibu kwa Kiingereza chake cha darasa la jioni kanisani. "Mimi ni mkimbizi. Serikali yenu ndiyo iliyonipa hii."

"Eish, mama." Kijana alionekana kuona aibu kweli. "Kompyuta haina mahali pa kuiandika."

Wakarudi kiwandani. Joséphine wa mashine ya sita alilia njia nzima, kwa sababu kazi aliyotoka alikuwa akilipwa kupitia akaunti ya jirani, na jirani siku moja alihama na pesa zake bila kuaga. Wengine wakaanza kuulizana kama huko Isipingo hakuna mahali wanakolipa mkononi. Jioni, kabla ya kupanda taksi, daladala za huko, Julienne alipita dukani akanunua pakiti kubwa ya bahasha.

Barua ya kwanza alimwandikia meneja wa tawi. Ya pili makao makuu ya benki. Ya tatu aliipeleka kwa wakili mmoja wa kujitolea aliyekuwa akisaidia wakimbizi, na huyo akamjibu kwamba hakuna sheria inayokataza benki kupokea karatasi hizo, mradi benki iziulizie kwanza kwenye ofisi iliyozitoa. Jibu hilo Julienne alilisoma mara tatu, akalipiga kopi, akaliambatisha kwenye barua ya nne, ya tano, na zote zilizofuata. Na kila Alhamisi mchana alikwenda mwenyewe benki kuuliza kama amejibiwa. Ladislaus alikwenda naye. Alisema anakwenda kumsaidia Kiingereza, na hilo lilimchekesha kila mtu, maana Kiingereza cha Julienne kilikuwa kimekipita chake mbali.

Mlinzi wa mlangoni alishawazoea. "Sharp, mama wa barua," alikuwa akimsalimia. "Leo ya ngapi?"

Alhamisi ya saba, mlango wa ndani ulifunguka akatoka mama mmoja wa Kihindi, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Mkononi alikuwa na rundo la barua zimebanwa pamoja.

"Julienne ni nani?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Bi Pillay, meneja. Ingieni."

Ofisini Bi Pillay alizitandaza zile barua mezani, akazitazama kama mtu aliyepewa mtihani. Akasema katika miaka ishirini na mbili ya kazi hajapata kulalamikiwa kwa adabu namna ile. Akasema pia kwamba amepiga simu makao makuu, wakazungushana, na mwishoni wamemruhusu ajaribu. Ataipokea karatasi, ataiulizia kule ilikotoka, na likija jibu zuri, atafungua akaunti.

"Tuanze na wewe," akasema. "Tukifanikiwa kwa mtu mmoja, tutaona."

Ladislaus aliona ni ushindi, akaanza kuinuka kushukuru. Julienne hakuinuka.

"Tuko tisa, madam," alisema.

Bi Pillay alivua miwani, akaivaa tena. "Niletee majina tisa."

Majibu yalikuja mwezi wa nane. Miezi ile miwili ya katikati mwenye kiwanda aliwavumilia Wakongo wake, akawalipa mkononi ofisini, huku akinung'unika. Siku Bi Pillay alipowaita, wote tisa walivaa nguo za Jumapili. Joséphine aliitwa wa kwanza, akatoka anapepea karatasi ya akaunti kama bendera. Akaitwa mwingine, na mwingine, mpaka wanane. Julienne aliitwa wa mwisho, naye akamwashiria Ladislaus waingie pamoja.

Bi Pillay hakuwa na uso wa furaha. "Sijui nikwambie vipi," alisema. "Kule ilikotoka karatasi wamejibu. Mtu yupo, namba ipo. Kwenye karatasi yako mkunjo umekula mwisho wa jina na jinsia, hatukuona. Ila kwenye faili huyo mtu anaitwa Julien. Mwanamume."

Akawageuzia kopi ya fomu ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 2008, iliyotumwa pamoja na majibu. Kwa kuwa namba ilikuwa sawa, Julienne aliweza kuongeza muda wa karatasi yake miaka yote hiyo bila mtu kuuliza. Benki haikuweza kufanya hivyo. Mwanamke aliyekaa mbele ya meneja hakuwa mtu aliyetajwa kwenye faili.

Ladislaus aliinama aitazame ile kopi. Ule mwandiko aliujua. Ulikuwa wake.

Mwaka ule wa 2008 alikuwa bado anasubiri kibali cha kazi, na ili apate cha kula alikuwa akikaa na kiti cha kukunja na kalamu tatu karibu na foleni ya wakimbizi, akiwajazia fomu wasiojua Kiingereza. Zilikuwa nyingi, nyuso hazikumkaa kichwani. Lakini jina lile alikuwa ameliandika kama alivyolisikia, Julien, bila herufi mbili za mwisho. Na alama ya vema, iliyotakiwa kukaa kwenye F ya mwanamke, ilikuwa imeteleza ikaangukia kwenye M ya mwanamume.

Kiwandani mchana ule hata mashine ya nne haikukaguliwa. Jioni alimfuata Julienne mpaka kituo cha taksi, wakasimama kwenye mstari wa kwenda mjini.

"Mama Julienne," alisema, "ile fomu niliijaza mimi."

"Minajua."

"Unajua?"

"Tangu siku ile uliingia kiwandani. Uliandikaka kwa kibao, 'Jumatatu oili'. Ile J yako inavaa kofia. Nikasema, kumbe ni ule Mtanzania."

"Miaka yote hii hukunisema?"

"Ningekusema nini?" Julienne alihamisha mkoba begani. "Ile siku mvua ilikuwa inanyesha. Mukono yangu ya kuume ilikuwa na bandeji, sikuweza kushika kalamu. Batu ba foleni banasukumana. Wewe ulinishikia mwavuli na mukono moja, ukaandika na mukono ingine, na mugongo wako wote uliloa. Ni vile alama iliteleza. Nikakuuliza ni pesa ngapi, ukasema, nenda tu, dada."

"Sikumbuki," alisema Ladislaus, na macho yalikuwa yamemlowa.

"Mimi nakumbuka. Nilionaka kosa baadaye, nikaogopa. Nikasema, karatasi kama hii, ukiirudisha batengeneze, inaweza kupotea, na mimi nipotee nayo. Sasa basi. Kesho tunaenda polisi."

Walikwenda polisi kula kiapo cha kusahihisha faili. Ofisa wa Kizulu aliyewapokea alisikiliza habari yote, akamtazama Ladislaus juu mpaka chini. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfanya dada huyu mwanamume?" Akacheka mpaka wenzake wakaja kuuliza kuna nini, na ikabidi Ladislaus aisimulie upya, safari hii mbele ya watu sita. Kiapo chenyewe aliandika yeye kwa mkono wake, Julienne akimsomea neno kwa neno na kumtajia herufi za jina lake moja moja kama mwalimu wa chekechea.

Marekebisho yalichukua miezi kumi na moja. Wenzake wanane walikuwa wakitoa mishahara yao kwenye mashine ya benki, na yule aliyewapigania hakuwa na akaunti. Mwenye kiwanda alikataa kuendelea kulipa mkononi kwa ajili ya mtu mmoja. Ikapatikana njia: mshahara wa Julienne utaingia kwenye akaunti ya Ladislaus. Makubaliano aliyaandika Julienne, kurasa mbili, na wote watatu, pamoja na mwenye kiwanda, wakatia sahihi.

Basi kila Ijumaa baada ya kazi walikwenda pamoja benki. Ladislaus alipobonyeza namba zake za siri, Julienne alitazama juu ya paa la duka la viatu ng'ambo ya barabara, asije akasema mtu kwamba ameziona. Alipokea pesa zake, akamshukuru. Mwanzoni waliagana hapo hapo. Halafu Ijumaa moja ya baridi Ladislaus alisema ana njaa, wakanunua robo ya banichao, ule mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi mkali wa maharage, wakaugawana wamesimama. Ijumaa iliyofuata walikaa. Julienne alimsimulia habari za mume wake aliyefia njiani wakikimbia, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu Durban. Ladislaus, yule wa maneno machache, alijikuta anaeleza maisha yake yote, hata habari za mbuzi wa mama yake waliokuwa na majina.

Karatasi mpya ilitoka Julai 2011. Julienne, jina kamili, mwanamke. Bi Pillay aliacha kazi zake akaja kumfungulia akaunti mwenyewe kaunta, na mlinzi wa mlangoni akapiga makofi. Ijumaa ile Julienne alisimama mbele ya mashine kwa mara ya kwanza peke yake, akasoma kila neno kwenye kioo, hata yasiyohitaji kusomwa. Ladislaus alisimama mbali, karibu na robot, zile taa za barabarani, akafurahi kama wengine. Lakini furaha yake ilikuwa na doa. Sasa hakuwa na kisingizio cha Ijumaa.

Alimngoja atoke, akasema kwa mkupuo mmoja, kabla woga haujamshika: "Julienne, nataka kukuoa."

Julienne alikuwa akiingiza kadi mkobani. Akaiingiza, akafunga zipu, akaangalia kama imefunga vizuri.

"Na mama yako wa Kibondo atasema nini? Mujane, mukimbizi, na anapenda mabishano."

"Tumuulize."

Wakampigia simu hapo hapo barabarani. Ladislaus alieleza kwa Kiha, akijikwaa, na mama akamkatisha akitaka kuongea na huyo mwanamke. Julienne alichukua simu, akasalimia kwa Kirundi alichokulia nacho Uvira, na Kirundi na Kiha havitofautiani sana. Upande wa pili kukasikika ukelele wa furaha. Wale wanawake wawili waliongea mpaka muda wa maongezi ukaisha, Ladislaus akaenda kununua mwingine, wakaendelea. Hakupata kujua walizungumza nini. Aliporudishiwa simu, mama alimwambia asikawie.

Walioana Desemba mwaka uliofuata kanisani Berea, na wale Wakongo wanane wakashona mapazia mapya ya ukumbi bure. Mwaka 2015 walikuwa na vyumba viwili huko huko Berea, na binti anayeitwa Tina, mbishi kama mama yake. Kila Jumapili jioni bibi yake hupiga simu kutoka Kibondo na kumuulizia Julienne kwanza. Ladislaus hukaa pembeni na chai yake akisubiri zamu, na mara nyingi zamu hiyo haifiki.