Mkono wa Mtani

Katika mafunzo ya mgambo tuliyofanyia Mazingara, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mtu wa kwanza kutoka damu nilikuwa mimi. Afande alitupanga wawili wawili, akasema tupigane mpaka apulize filimbi, kisha akaenda kunywa chai. Mwenzangu alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole wa maneno lakini ngumi zake hazikuwa na upole wowote. Jino langu la mbele liliondoka kabla chai ya afande haijapoa. Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni. Nilimrukia, nikamuuma sikio, na filimbi ilipolia ilibidi watu watatu wanibandue juu yake. Afande alirudi akijifuta midomo, akalitazama sikio, akalitazama jino, akasema, "Hapa nina askari wawili. Nyie wengine bado ni wakulima."

Nilifurahi, nisidanganye. Nilikuwa nimekosa mahindi misimu miwili mfululizo, na neno mkulima lilikuwa limeanza kunichefua. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Mnyuzi "kusalimia", na salamu zenyewe zilikuwa zimeingia mwezi wa tatu. Nilitaka kazi yenye mshahara na sare, na afande alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba mwanafunzi bora wa mafunzo yetu ataajiriwa siku ileile ya kufunga. Kampuni moja ya ulinzi ya Korogwe ilikuwa na nafasi moja ya uhakika. Tulikuwa zaidi ya hamsini tukiitolea macho nafasi hiyo moja.

Katikati ya mafunzo akaja bwana wa kampuni hiyo, na faili lake kwapani, kutupa ushauri wa ajira. Alitukalisha chini ya jua akatuuliza mmoja mmoja tunajua kufanya nini.

"Kulima," nikasema.

"Na kingine?"

"Kulima na kuchunga."

Kalamu yake haikusogea. Akafunga faili, akatuambia kampuni haina haja na mtu anayejua mambo mengi. Inamtaka mtu ambaye akiambiwa piga, haulizi kwa nini. Mengine yote, akasema, atafundishwa akishafika. Niliyashika maneno yale kama mtoto wa madrasa anavyoshika sura yake ya kwanza.

Tangu siku hiyo afande akazidisha kipigo. Aliyechelewa gwaride alichapwa nyayo. Aliyecheka alirushwa kichura uwanja mzima mpaka atapike. Mama mmoja mwenye nguvu kuliko wengi wetu alizimia kwenye matope, akamwagiwa maji, akaambiwa aendelee, naye akaendelea. Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa moja tu. Mmoja wetu alifungwa magunia kwenye mkono, akawa mwizi. Mwingine alisimama na rungu lake ubavuni. Mwizi akinyoosha mkono kuchukua kitu, afande anapiga kelele, "Anachukua!" Hapo hapo rungu linashuka juu ya mfupa, kati ya kiwiko na kiganja.

"Nyama husahau," alisema. "Piga mfupa."

Tulilipiga pigo lile asubuhi na jioni. Magunia yalichanika, tukaendelea bila magunia, mikono ikavimba mpaka hatukuweza kukata ugali. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote. Wiki ya mwisho afande akatangaza kwamba mwanafunzi bora ni mimi.

Sasa niwaeleze habari ya utani, maana bila huo hamtanielewa. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge, na baba akahamia Handeni kulima. Wazigua ni watani wetu. Na katika Wazigua wote wa Mazingara, aliyenishika kwa utani alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mjane, muuza vitumbua. Nikimpa shikamoo hujibu, "Shikamoo ya nini, mtumwa wangu? Leta hicho kiatu." Na kweli atakivua kiatu mguuni mwangu, aondoke nacho, nikikomboe jioni kwa maneno matamu. Siku ya harusi yangu aliingia akalala kwenye kitanda cha bibi harusi, akakataa kutoka mpaka tukamwimbia. Mama yake baba alipofariki, mtani huyu alikuja na mkia wa mbuzi kiunoni, akawachekesha watu mpaka baba, aliyekuwa hajala siku mbili, akaomba uji. Mtani hakasirikiwi, wala yeye hakasiriki. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Siku ya kufunga mafunzo uwanja ulijaa. Mgeni rasmi alikuja na gari, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Bwana wa faili alikaa nyuma yake. Tulipiga kwata, tukaonyesha namna ya kumkamata mhalifu, na fundi baiskeli, aliyekuwa mhalifu siku hiyo, akatoka damu tena. Watu wakashangilia. Kisha nikaitwa. Nilikwenda kwa hatua za gwaride, nikapiga saluti, nikapokea cheti kwa mkono wa kushoto na kushikwa mkono wa kulia. Nikageuka, nikasimama mguu sawa mbele ya watu wote, rungu ubavuni.

Ndipo mtani wangu akatoka kwenye umati. Alikuja akicheza, mabega yakiruka, kitenge kimefungwa kiunoni. Akakinyakua cheti mkononi mwangu, akakiweka kichwani, akaanza kunizunguka.

"Wazigua wenzangu, tazameni!" akasema. "Mpagazi wetu kapewa karatasi! Nani kamruhusu? Mie ndiye bwana wake, karatasi ni yangu!"

Watu walivunjika mbavu. Lakini afande alitoka mbali, kwao hakuna mambo haya, na mgeni rasmi alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Afande akapiga kelele, "Anachukua!"

Kwa miaka kadhaa niliwaambia watu kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Kwamba ilikuwa mazoea tu, kama mtu anavyomwua mbu bila kumwona. Si kweli. Nilikuwa na muda. Bibi yule alizunguka duara zima baada ya ile kelele. Nilimwona uso, nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, nikaona anavyonikonyeza. Na nyuma ya bega lake nilimwona bwana wa faili, kalamu mkononi, akinitazama mimi na si yeye. Nikakumbuka maneno yake: akiambiwa piga, haulizi. Nikangoja mpaka mkono wake ukanyooka vizuri, ndipo nikashusha rungu.

Mfupa ulitoa sauti ya muwa unaovunjiwa gotini. Cheti kikaanguka. Akakaa chini pale pale, miguu mbele, akautazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo. Nilingoja apige ukunga. Badala yake akainua uso, midomo ikiwa imegeuka rangi ya majivu, akacheka.

"Mtumwa wangu kajua kupiga!" akasema.

Basi watu wakacheka naye. Mtu akamnong'oneza mgeni rasmi, naye akakaa, akacheka pia, "Kumbe watani!" Sherehe ikaendelea. Bibi akapakiwa bodaboda kati ya watu wawili kupelekwa hospitali Handeni, na bwana wa faili akaja kuniuliza majina yangu matatu, akayaandika yote.

Alasiri wana wawili wa bibi walifika uani kwangu na mapanga. Mkubwa alinipiga kwa ubapa mgongoni, nikaanguka kwenye jiko, mdogo akanikanyaga mbavu mpaka nikasikia ladha ya damu. Mkuki kwa nguruwe. Mimi mwanafunzi bora nililia kwa sauti. Sijui wangeishia wapi. Bodaboda ikasimama, mama yao akashuka, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, akawafukuza kwa ule mzima.

"Mmeona wapi mtani akalipiziwa kisasi?" akawauliza. "Tulikuwa tunacheza. Rudini nyumbani, mnanitia aibu."

Walipoondoka nilijikokota mpaka miguuni pake. Nilifungua mdomo kumwomba radhi. Akaniziba kwa kiganja.

"Nyamaza," akasema. "Ukiniomba msamaha utakuwa umenipiga kweli."

Nikanyamaza. Ilinifaa kunyamaza. Jumatatu nilikuwa Korogwe, kwenye lango la ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, nimevaa sare ya rangi ya kahawia, na mwisho wa mwezi mke wangu alimaliza kusalimia kwao.

Mfupa wa bibi uliungana vibaya. Mkono ukabaki umepinda, kiganja kikitazama pembeni. Kila alipokuja Korogwe kwa shida zake, akishabadili gari Segera na kufika mjini, lazima apite langoni kwangu. Huuinua mkono ule juu watu wote wauone. "Tazameni! Mnyamwezi aliniandikia cheti kwenye mfupa!" Wapagazi wa ghala walicheka, mimi nikacheka, yeye akazidi. Hunivua kofia akaenda nayo sokoni. Sikuwahi kumuuliza kama mkono unamsumbua, kwa sababu mtu anayecheka hivyo, nilijiambia, hana maumivu. Nilizoea. Niseme wazi kwamba nilizoea kabisa, na usingizi nilipata.

Kazini nilipiga watu. Ndiyo kazi yenyewe, ingawa kwenye mkataba imeandikwa kwa maneno mengine. Niliwapiga wachungaji walioingiza mbuzi, nikawapiga walevi. Kisha adhuhuri moja, miaka minne baadaye, nikamkuta mwanamume wa makamo amepenyeza mkono chini ya wavu wa uzio, anavuta fungu la singa. Hakuniona. Msimamizi, aliyekuwa kivulini, akasema, "Unangoja nini?"

Nikampiga mfupa. Sauti ilikuwa ileile. Lakini yule bwana alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alimwita mama yake. Alijisaidia pale alipolala. Mkono ulinasa kwenye wavu, na kila alipojivuta mfupa ulisogea ndani ya ngozi, akapiga kelele upya, na msimamizi akaniambia nimwongeze. Sikumwongeza. Nilisimama na rungu langu nikielewa kwamba hivyo ndivyo pigo langu linavyouma. Hivyo ndivyo lilivyouma siku ile pia, na kuna mtu alilimeza lote mbele ya uwanja mzima, akalitoa kama kicheko, ili mimi nisiharibikiwe.

Jumapili nilipanda gari kwenda Mazingara. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele kwa mkono mmoja, ule mwingine umeushikilia ungo kwa kiwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo ya nini, mtumwa wangu? Umeleta nini? Vua hiyo saa."

Sikuvua. Nikakaa chini. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Nilikuambia usiseme hilo neno," akasema.

"Nimesema, bibi."

"Mkono ulikuponyoka. Kila mtu anajua. Mlikuwa mmepigwa mpaka akili zimewatoka."

"Haukuniponyoka. Nilikuona. Ulinikonyeza, nikakuona."

Akautua ungo chini polepole. "Ulinijua ni mie?"

"Nilikujua."

"Sasa kwa nini ulinipiga?"

"Nilitaka kazi," nikasema. "Yule bwana wa kampuni alikuwa ananiangalia."

Kuku walikuja kwenye ungo wakadonoa mchele, hakuwafukuza. Nilimwona akizeeka mbele yangu. Nilitamani atukane, anivue viatu, awaite wanawe na mapanga yao. Nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa lile alilofanya. Aliuchukua ule mkono uliopinda kwa mkono mzima, akaupakata mapajani kama mtoto mgonjwa, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Unaniuma, baba," akasema. "Tangu siku ile unaniuma."