Damu ya Mutoto mu Mashini

Binti yangu wa kwanza anasomaka polytechnique, masomo ya ma-ingénieur. Mudogo yake, mwanaume, iko na SS, ule bugonjwa ya damu yenye kuuma mu mifupa. Mwenye hajaona SS hajui. Mutoto anajikunja chini, anauma shuka, anaomba tumukate miguu. Nilikuwaka namufunga mu mikono yangu, nasali rozari juu ya kichwa yake mupaka sauti inaisha.

Yaya yake, ule binti yangu, alichoka kusikiliza tu. Akaanza kutengeneza damu mu ordinateur, kompyuta yake. Haikuwa damu ya kweli, ilikuwa hesabu. Kila cellule, kila chembe ya damu, aliipatia ukubwa, ulaini, mwendo, kisha anaisukuma mu mushipa mwembamba, nao wa hesabu. Mangaribi moja akaniita nikiwa nasonga bukari.

"Angalia, mama. Hii ya muzuri inajikunja, inapita."

Ilipita kweli, kama kidonge ya bukari mu koo.

"Sasa naipunguzia maji."

Zile cellule zikakauka, zikapindama kama mundu. Moja ikakwama, ya nyuma ikaigonga, ingine ikapanda juu, zikakwaruza ukuta ya mushipa kama bantu benye kukanyagana pa mulango ya kanisa yenye kuungua.

"Njo hivi mudogo yako anasikia mu mifupa?"

"Njo hivi, mama."

Miye nilisoma masomo ya mangaribi tu, pa paroisse, pa kanisa yetu, kisha kuuzisha ku soko ya Kampemba. Lakini ile nilielewa. Kuanzia pale, chupa ya maji haikuachana na mutoto.

Kosa ilitoka mu kinywa ya mutoto mwenyewe, juu alikuwa anafurahi. Kaka mukubwa wa marehemu bwana yangu, mwenye analima mahindi kule Lukafu, alikuya kutusalimia. Mutoto akamwambia: "Baba mukubwa, yaya ameweka damu yangu mu mashini. Anaifungaka, anaifunguaka."

Kwetu, mutoto akigonjwa bila mwisho, familia inatafuta muntu mwenye kumuloga. Mulamu wangu, ule kaka ya bwana, alikuwa amemupata. Kesho yake alirudia na vijana babili ba familia na kamba.

"Mulamu, utupatie ule binti. Tunamupeleka mu chambre ya maombi. Kule atatapika buloji yenye alikula."

Ile chambre naijua, ile chumba ya kutoa bantu buloji. Binti wa jirani alitoka mule na jicho moja.

"Ukae kwanza, mulamu. Nikupatie maji ya kunywa."

"Maji ya nyumba ya muloji?"

"Jana ulikunywa, na bukari ulimaliza yote."

Kijana mumoja akacheka. Mulamu akamupiga kofi, kisha akanisukuma, akaingia. Alikamata muchi yangu ya kutwangia, akapiga ordinateur pa meza. Kioo ikapasuka. Akapiga tena, mupaka meza ikavunjika. Bale vijana bakakamata binti yangu ku nywele, bakamukokota chini. Nilijitupa juu yake. Muchi ikamugonga kichwa, ikakuya tena, nikaweka mukono, nikasikia mufupa unalia kama kuni. Damu ya kichwa yake iliingia mu kinywa yangu. Sikumuachilia. Nilisema: "Salamu Maria" na meno yangu yalikuwa mu mukono ya kijana.

"Sasa damu ya mutoto imefunguka," mulamu akasema. Alikuwa anahema.

Njo pale mutoto alianguka. Woga ilimushika mu mifupa. Alijikunja kati ya vipande ya mashini, akalia na ile sauti yenye mulamu wangu alikuwa hajasikia hata siku moja.

"Mutoto, kuya kwangu," mulamu akamwambia.

"Yaya," mutoto akasema. "Yaya, maji."

Bale vijana baliachilia nywele bila kuambiwa. Binti yangu akaenda kwa magoti, damu inamutiririka mu macho, akamunywesha, akamubeba ku mugongo. Tulipita mbele ya mulamu kwenda lopitali. Alikuwa angali na muchi mu mukono, na hakutufungia njia.

Mukono yangu ilishikana vibaya. Nikijipiga alama ya musalaba, hainyooke. Binti yangu alianza tena hesabu yake ku mashini ya polytechnique, na analala kwangu, mu kitanda yake, hapana mu chambre ya maombi.

Kisha ya mavuno mulamu alituma mufuko ya mahindi, bila neno. Nilitwanga, nikasonga. Mutoto alikula. Yaya yake alisukuma sahani, na miye sikumulazimisha.