Barua Iliyotutangulia Kimbiji

Sababu ya safari hii ilikuwa barua. Majirani zangu wa Temeke walituona tukitoka na baiskeli mbili alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka, wakadhani tunakwenda kuogelea, na kweli rafiki yangu Salehe alikuwa amejitupia taulo begani. Mimi nilikuwa nakwenda kuzuia barua yangu mwenyewe isisomwe.

Siku chache kabla ya Pasaka nilisikia sokoni kwamba kuna msiba kwa Mzee Shomari, kule Kimbiji. Mzee Shomari ni mwashi. Nilipofika mjini kutoka bara, sina ninayemjua, yeye na mkewe Bi Tatu walinipa chumba katika nyumba yao ya Temeke, na miaka miwili nilikula sahani moja nao. Kwa hiyo niliposikia habari ile niliketi nikamwandikia Bi Tatu barua ya rambirambi. Niliinakili mara sita. Shule nimesoma kidogo tu, mengi nimejifunza mwenyewe katika vitabu vichakavu, na mtu wa namna yangu huogopa kosa kuliko waliosoma sana. Nilipoona haina doa, nilimpa mama mmoja muuza mikeka aliyekuwa akirudi kwao Kimbiji.

Jumapili ya Pasaka nikakutana na mchuuzi wa samaki wa hukohuko, nikampa pole ya msiba wa Mzee Shomari.

"Mzee Shomari?" akasema. "Nimemwacha anajenga ua. Aliyekufa ni dada yake."

Mara sita nilisahihisha barua, wala sikuuliza hata mara moja ni nani aliyekufa. Na mle ndani mlikuwa na jambo nililothubutu kuliandika kwa sababu tu niliamini Mzee mwenyewe hayupo tena kulisikia.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka. Katika daftari nilikuwa nimepanga kila kituo: pantoni saa kumi na mbili, Mjimwema saa moja, Kimbiji saa nne. Salehe alilitazama akacheka.

"Bwana Elia, hii baiskeli au treni?"

Pantoni lilituvunjia ratiba mapema. Gari la Mzungu mmoja aliyekuwa akienda kupunga upepo na familia yake lilipakiwa kwanza, kisha vikapu vyao, kisha viti vyao vya kukunja, na sisi wa baiskeli tukaambiwa tungoje zamu ya pili. Usiku nilikuwa sikulala. Nilisimama nimeegemea usukani, nikawaza kwamba pengine saa hiyohiyo mtu anafungua bahasha yangu.

Baada ya Mjimwema barabara ilikuwa mchanga mtupu. Magurudumu yalizama, tukashuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Bahari ilikuwa kushoto kwetu, nyuma ya minazi, na Salehe alinionyesha mara mbili mahali pazuri pa kuoga. Sikugeuka. Magoti yalikuwa yakiniuma na shati limenata mgongoni.

Saa tatu na nusu tairi langu lilipata pancha. Salehe, ambaye ni fundi wa baiskeli, aligeuza chombo miguu juu, akatoa mpira na kuanza kuukwaruza.

"Sasa niambie," alisema bila kuinua macho. "Mtu hakimbii hivi kwa kosa la rambirambi. Unafika, mnacheka, yamekwisha. Mle ndani umeandika nini?"

Nikamwambia. Siku moja nilisahau chakula changu nyumbani. Mzee Shomari alitoka Temeke kwa miguu mpaka ofisini kwetu, bakuli limefungwa kitambaa, miguu yake imejaa chokaa. Aliniita mlangoni: "Elia, mwanangu!" Nilitoka mbio, nikalipokea bakuli, nikarudi ndani. Makarani wenzangu wakaniuliza yule nani. Nikajibu, "Yule? Huniletea mkaa." Sikujua kama alikuwa amekwisha kuondoka. Mwezi uliofuata nilihama kwake, na aliporudi kwao Kimbiji sikwenda kumuaga.

"Hayo yote nimeyaandika," nilisema. "Nimeomba radhi."

Salehe alibandika kiraka, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Umemwomba radhi maiti."

"Ndiyo."

"Kwa kuwa maiti hajibu."

"Ndiyo."

"Haya, shika pampu, bwana."

Saa saba mchana tuliingia Kimbiji, tumechoka hata salamu zinatoka kwa shida. Mzee Shomari alikuwa ameketi chini kando ya ua, anafunga makuti. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Karani! Nani kakuonyesha njia?"

"Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Bi Tatu akatoka ndani, akanishika mabega, akasema nimekonda na huko mjini hawanilishi. Alitutandikia mkeka, akatupa maji. Nilikuwa nikitafuta namna ya kuuliza, lakini aliniwahi.

"Tena umekuja wakati wake, mwanangu. Kuna barua hapa. Mzee wako anasoma khati za Kiarabu tu, na mwalimu amekwenda mjini kwa sikukuu. Hakuna wa kutusomea."

Akaivuta kutoka kwenye makuti ya baraza. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Nilikuwa nimefika kwa wakati, na ikatiwa mkononi mwangu.

"Soma kwa sauti," alisema Mzee. "Sikio moja limeanza uvivu."

Naungama nilivyofanya. Kichwani mwangu ilitengenezeka papo hapo barua nyingine, nzuri, isiyo na kosa. Nilifungua karatasi nikasoma yasiyokuwemo: "Kwa Bi Tatu. Salamu nyingi. Nimepokea kwa huzuni habari ya kifo cha wifi yako..." Salehe akainamisha uso. Bi Tatu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nikanyamaza.

"Endelea," alisema Mzee.

"Mzee, sivyo ilivyoandikwa. Barua hii ni yangu."

Nikaanza upya. "Nimepokea kwa huzuni habari ya kifo cha mumeo..."

"Yarabi! Mume gani?" akapiga kelele Bi Tatu.

Mzee Shomari alicheka mpaka kuti likamtoka mkononi. "Tatu! Ingia eda upesi!"

"Niingie eda, nani atakupikia uji, maiti mlafi wewe?"

Salehe naye akaangua kicheko. Ningaliweza kukunja karatasi hapo, na kila mtu angalifurahi. Nikamsomea sifa zake zote za ukurasa wa kwanza, nikageuza wa pili, nikasoma habari ya bakuli, ya mlango, ya mkaa, mpaka jina langu. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee aliokota kuti lake, akalinyoosha.

"Siku ile kilikuwa chakula gani?"

"Muhogo wa nazi na papa."

"Ulikula?"

"Sikula. Nilimpa tarishi."

Alilifunga kuti kwenye ua. Kisha akasema, "Nilisikia. Mlango ulikuwa wazi." Akainuka, akachukua maji, akaenda kusali.

Bi Tatu hakunitazama. Aliingia jikoni, akatoka na wali na samaki. Mzee aliporudi alikuta sijagusa kitu.

"Kula," alisema. "Leo nitakaa nikutazame."

Akakaa kweli, mikono magotini, akanitazama mpaka punje ya mwisho.

Saa tisa likapita lori la nazi linalokwenda Kigamboni, dereva akakubali kutuchukua na baiskeli zetu. Nilimwomba Mzee anirudishie barua nikaiandike vizuri.

"Hii si yako tena," alisema, akaitia mfukoni. "Ukurasa wa kwanza una sifa ambazo sijapata kuambiwa nikiwa hai."

Alitusindikiza hadi kwenye lori, akanishika mkono, hakuuachia mara moja.

"Ukisikia tena nimekufa, usiandike. Njoo uangalie."

Njia ya kurudi tulikaa juu ya nazi, kila shimo linatuumiza mifupa. Salehe alilala, taulo lake kavu chini ya kichwa, maana hakupata kuoga. Saa kumi na mbili jioni tulifika Kigamboni, na kwenye pantoni nilifungua daftari langu: hakuna saa hata moja niliyoipatia. Nilikuwa nimechoka mno kusahihisha.

Nilitaka Mzee aniambie yamekwisha. Hakuniambia, na sasa naona sikuwa na haki ya kumdai neno hilo siku ileile aliyosomewa barua. Mwezi ujao nina siku mbili za likizo. Hakuna habari yoyote ya msiba kutoka Kimbiji. Nitakwenda kuangalia.