Moto usiokaa: fundi wa Baraka na binti yake wa leza

Saa mbili asubuhi jua limeshakuwa kali pembeni ya barabara inayotoka mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwenda Mboko, lakini Zubeda Assumani anaongeza lake. Amepiga goti mbele ya sanduku la bati, kinga ya kulehemu imemfunika uso wote. Ncha ya fimbo yake ya kulehemu inagusa, inaachia, inagusa, inaachia. Wapita njia wanageuza uso. Wanaojifanya mashujaa na kukodoa macho watalala leo kama waliotiwa mchanga machoni.

Jenereta inameza maneno yote, kwa hiyo wateja wanasubiri kimya, jambo lisilo la kawaida Baraka.

Ni siku za mwezi mkubwa. Ziwa likiwa jeupe usiku, taa za wavuvi hazivuti ndagala, vile visamaki vidogo, na mitumbwi inapumzika. Ndipo wenye mitumbwi wa vijiji vya Swima na Lweba wanapoleta kila kilichovunjika: vyuma vya kuning'inizia taa, mabomba ya moshi ya injini, masanduku ya betri. Zubeda anasema wiki moja ya mwezi inamlisha kuliko wiki mbili za giza.

Kazi hii aliirithi kwa kaka yake, aliyehamia Kalemie na kumwachia mashine. Mwanzoni wanaume walipita na vyuma vyao wakaenda kumtafuta fundi mwingine. Siku hizi wanapanga foleni na kumwita mama Faida, kwa heshima zote. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huku Baraka vingi vimepita mikononi mwa mwanamke huyu.

Lakini mwulize anajivunia nini, hatakuonyesha chuma. Atakutajia binti yake.

Faida anasoma fizikia chuo kikuu, Lubumbashi. Utafiti wake unahusu leza inayowaka kwa muda mfupi kupita kiasi, na jinsi inavyopasha moto plazma, yaani gesi iliyochemka hadi elektroni zikang'oka na kutembea peke yake. Jua ni plazma. Cheche ya radi ni plazma. Na ule mwanga wa buluu kwenye ncha ya fimbo ya mama yake ni plazma pia, habari ambayo Zubeda aliipokea kwa kicheko kirefu. Miaka yote hiyo alikuwa ameishika mkononi bila kujua jina lake.

Sokoni watu hawakucheka pamoja naye. "Banauliza, mutoto wa Zubeda iko nasoma nini miaka yote ile?" anasimulia. "Nikajibu, iko napasha moto kitu kama jua. Bakasema, kwani jua ya hapa haitoshe?"

Mwaka jana mzaha huo ulikaribia kuwaumiza kweli mama na binti, maana masomo yalikwama. Profesa wa Faida alirudisha kazi yake. Hesabu zilikuwa sawa, alisema, lakini binti hakuonyesha kwamba anaelewa. Nguvu ikiwa ni ileile, kwa nini leza ya muda mfupi inapasha moto tofauti na ya muda mrefu? Alitaka jibu la maneno tu, bila hesabu. Bila jibu hilo, hakuna kutetea kazi mbele ya maprofesa.

Faida alirudi nyumbani amenyong'onyea. Alimwambia mama yake kwamba ataomba mada nyepesi, aanze upya. Zubeda hakubishana. Zilikuwa siku za mwezi mkubwa, kazi imejaa, akampa fimbo na sanduku la betri la Alphonse, mwenye mtumbwi kutoka Swima.

Binti alifanya kosa la kila anayeanza kulehemu bati jembamba: alitaka kuona kazi yake inavyokwenda. Akaikalisha fimbo mahali pamoja. Bati likawa jekundu, likalegea, likatoboka tundu la kupita kidole gumba, mwenye mali akiwa amesimama hapohapo.

"Papa Alphonse alishika kichwa," anasema Zubeda. "Mi nikamwambia Faida: gusa, toa mukono. Moto ikikaa, inaanza kutembea, inakula bati yote. Piga mbele haiyapata nafasi ya kutembea." Yaani, kabla moto haujapata nafasi.

Faida alibaki ameduwaa na fimbo mkononi. Mama alidhani ni aibu.

Kwa simu kutoka Lubumbashi, Faida anaeleza kilichompata. Leza ndefu, anasema, inaanza kupiga, plazma inazaliwa na kutawanyika kama moshi, kisha mkia wa leza unaishia kupiga moshi ulioletwa na kichwa chake. Ile fupi inamaliza kazi kabla hakijasogea kitu. Elektroni, ambazo ni nyepesi, zimeshapata moto. Viini vizito vya atomi bado viko palepale, havijui hata kama vimeingiliwa.

"Moto ya mama na yangu si moja," anaongeza, asije akasingiziwa. "Yake inayeyusha chuma. Yangu ni fupi sana, hata mwangaza yenyewe haiwezi kuvuka unene ya unywele moja mbele ikwishe. Lakini swali ilikuwa nani anatangulia, leza ao kutembea kwa moto. Nilikuwa naandika hesabu ya ile kitu bila kuiona."

Jioni ile aliandika kurasa mbili, nyepesi kusoma. Profesa alijibu kwa neno moja la Kifaransa: enfin, yaani hatimaye. Sanduku la Alphonse nalo lilizibwa kiraka, bure, na hadi leo mwenyewe analionyesha kwa watu kule Swima kama cheti chake cha fizikia.

Faida atatetea kazi yake mwezi ujao. Zubeda hajawahi kufika Lubumbashi. Atapanda mashua hadi Kalemie, kisha safari ndefu ya nchi kavu, na karakana ataifunga hata wateja wakinuna. Kitenge cha kuvaa siku hiyo kimeshashonwa.

Anajua hadhira itakuwa ya maprofesa, na yeye hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Hilo halimsumbui. Ana mpango wa kukaa mbele.

"Kifaransa yabo sitaisikia yote," anasema. "Lakini pale atafika kusema moto haiyapata nafasi ya kutembea, hapo nitasikia. Hapo nitasimama."