Jina Alilonipa Mwanaisha kwa Kidole

Enzi zetu Makunduchi, mtoto alipewa jina mara mbili. La kwanza alipewa na wazee wake siku ya akika. La pili alipewa na dada yangu Mwanaisha, na hilo halikuwa na sauti.

Mwanaisha alizaliwa kiziwi. Akimtaka mtu, humtaja kwa mkono. Bi Kazija muuza mandazi: anajivuta ndewe za masikio. Maalim Haji wa chuoni: anapapasa ndevu mpaka kifuani. La Mzee Vuai sisemi, wajukuu zake wapo. Mimi nilikuwa na mwanya, basi aligusa meno ya mbele kwa kidole, mara mbili. Ndiyo mimi huyo.

Kwenye mdako wa vijiwe hakuna aliyemuweza. Lakini tukicheza kibe, kicheko chake kilimchongea kutoka mafichoni, mwenyewe hana habari! Na watoto wakimwita Bubu, mama alitoka na mwiko: "Mwanangu nimemchinjia akika, ana jina lake! Bubu ni nyie msiojua kulitaja!"

Skuli walimkataa. "Huyu atasoma nini?" Akawa anakaa chini ya dirisha akisuka ukili, nami nikitoka namwandikia mchangani nilichokipata. Nilifika darasa la nne tu, na yeye akafika hapo hapo, la nne la mchangani.

Sasa Mwanaisha ametangulia mbele ya haki, na waliojua jina langu la kidole wamemfuata. Nakaa Kiembe Samaki na mjukuu wangu na bintiye Rahma, kiziwi naye. Rahma anasoma mjini. Mwalimu wake pia kiziwi, wenzake tele, mikono inakwenda kama cherehani. Namtizama nafurahi, tena naona kijicho: laiti dada yangu angeyapata haya!

Alama zangu Rahma anazicheka, eti za shamba. Akanipa jina jipya, la mikunjo ya uso. Nikalikataa! Nikamwonesha langu. Akanichungulia kinywani: meno yenyewe hamna, mwanya utoke wapi? Nikamuhadithia habari za Mwanaisha mpaka mikono ikachoka.

Watoto wa leo, jina la jirani mpaka walitafute kwenye simu. Sikutarajia kitu.

Juzi asubuhi Rahma kasimama mlangoni na sare yake, anataka kuniaga. Akagusa meno ya mbele, mara mbili.

"Naam!" nikaitika kwa sauti, nimesahau kabisa kuwa hanisikii.