Maji Kifuani mwa Baba

Kwetu Mashuuru, mtoto humwamkia mzazi kwa kuinamisha kichwa, naye mzazi hukiwekea kiganja. Umri si hoja. Mimi ni mama wa watu wazima, mvi zangu nazificha kwa rangi, na bado nikimwona baba shingo hujikunja yenyewe. Basi siku alipoletwa kwangu Kitengela akikohoa, niliinama mlangoni nikangoja. Hakunigusa.

"Ingia ndani, kuna vumbi," akaniambia, kana kwamba nyumba ni yake.

Nilinuna. Lakini alikuwa akisema maneno mawili na kutafuta pumzi, na kulala alilala ameketi, kwa hiyo kesho yake nikampeleka kupigwa picha ya kifua. Upande wa kulia ulikuwa mweupe hadi katikati. Daktari akatueleza kwamba ni maji, na hayako ndani ya pafu: yamekaa kati ya pafu na mbavu, yanalibana. Baba, aliyeuza ng'ombe maisha yake yote, aliikagua picha ile kama anayekagua fahali wa mnadani.

Tuliporudi alidai kikombe chake peke yake na godoro lake lipelekwe stoo. Wajukuu akawaamuru wamsalimie wakiwa mbali.

"Baba, kwa nini?"

"Hii najua. Ni olkipiei. Ng'ombe ikikufa nayo, ukipasua kifua unapata imejaa maji ya manjano. Moja ikikohoa, zote zinakohoa. Hiyo unatoa kwa boma mbio."

Kumbe alikuwa amejitoa bomani mwenyewe! Nilicheka, kisha nikaenda jikoni kulia.

"Baba, wewe si ng'ombe."

"Mapafu ni mapafu."

Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Hakuamini. Ukaidi huo ndio urithi alionigawia mapema, kwa hiyo niliutambua na sikubishana nao.

Tukaenda Kajiado kutolewa yale maji. Daktari alimketisha ameinamia mto juu ya meza, akamgonga mgongo kwa vidole. Juu palilia wazi, chini palikuwa bubu. Akamdunga ganzi, akapitisha sindano kati ya mbavu, na maji yakatoka mekundu kama chai ya rangi. Baba akageuza shingo.

"Hii si ya manjano," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa mnyama asiye yule aliyemnunua.

Alianza kupumua vizuri papo hapo. Nikafurahi mapema mno. Daktari alisema maji huwa na sababu nyingi, ndiyo maana lazima yatazamwe maabara.

Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alivuta kiti karibu. Ndani ya maji kulikuwa na chembe za saratani. Maji yakijaa tena watayatoa, dawa zipo za kumpa nafuu, lakini kuung'oa ugonjwa wenyewe hawataweza. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Baba akainua kidole. "Daktari, hii inaambukiza? Niko na watoto kwa nyumba."

"Hapana, mzee. Haiambukizi hata kidogo."

Akashusha pumzi ndefu, akatabasamu kama aliyeambiwa amepona. Kisha akanigeukia.

"Leta kichwa."

Nikainama palepale, mbele ya daktari, machozi yakidondokea viatu vya baba. Kiganja chake kilikuwa kizito na cha moto, na hakukiondoa upesi.

"Tukifika," akasema, "ita wale wajukuu wote."